Gia ngumu kwenye gari la spoti la zamani: pima kwanza, giaboksi ishushwe mwisho

Ukipeleka gari gereji ukasema gia zimekuwa ngumu, jibu la haraka ni "giaboksi hiyo, tafuta nyingine." Hapo hakuna aliyekanyaga klachi, hakuna aliyeuliza ni gia ipi, na chini ya gari hajaingia mtu. Kwa gari la kawaida hasara yake ni ndogo, maana giaboksi ya mtumba unaipata hapa hapa mjini. Kwa gari la spoti la zamani hadithi ni nyingine: unaagiza Dar au Japani, unasubiri mzigo ushuke bandari ya Malindi hapa Unguja, unalipa kushusha na kupandisha, halafu gia bado ngumu vile vile kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye kimpira kidogo cha mfumo wa klachi.

Hapa tunakwenda kinyume chake. Tunaanza na vipimo vya bure, tunafuata vya bei nafuu, na giaboksi inashushwa pale tu ambapo vingine vyote vimeshajibu. Gari ninalolitumia kama mfano ni Eunos Roadster, jina la Japani la Mazda MX-5, kile kizazi cha kwanza chenye taa za kuibuka kilichozinduliwa mwaka 1989. Usukani uko kulia, asili yake Japani kama magari yetu mengi, na fimbo yake ya gia ina siri moja ambayo mafundi wengi hawaijui. Vipimo vyenyewe lakini vinafaa kwa Datsun Z, MGB, AE86 na jamaa zao. Toyota MR2, ambayo injini yake imekaa nyuma ya viti na gia zake zinavutwa kwa nyaya, nimeipa maneno yake mbele.

Ngumu namna gani?

Endesha gari kama nusu saa kabla ya kugusa spana. Chagua wakati barabara imetulia. Ya Fumba alfajiri inafaa, Darajani saa nne asubuhi haifai. Angalia kama ni gia zote au moja tu. Angalia kama zinagoma kimya, yaani fimbo haitaki kwenda, au zinakwaruza. Angalia kama hali inabadilika injini ikishapata moto, na jikumbushe ilianza lini: kidogo kidogo kwa miezi, au ghafla baada ya mtu kufanya kazi fulani chini ya gari. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Gari lililoharibika siku ya pili baada ya kutoka gereji, anza kutafuta pale pale palipoguswa.

Gia zote zikiwa ngumu, mshtakiwa wa kwanza ni klachi, wa pili ni oili. Gia moja peke yake ikiwa ngumu na nyingine laini, basi tatizo liko ndani ya giaboksi, kwenye sinkronaiza ya gia hiyo, yaani pete inayolinganisha mwendo wa meno kabla ya gia kuingia, au uma unaoisukuma. Zikiwa ngumu zile za kusukuma mbele tu, au za kuvuta nyuma tu, tazama fimbo na mahali inapopita. Huenda inagonga kitu.

Vitabu vya Uingereza na Marekani vinasema ni kawaida gia ya pili kuwa nzito asubuhi mpaka oili ipate moto. Wao wana baridi ya kugandisha maji. Sisi asubuhi ya Julai, kusi linavuma na watu wamevaa masweta, bado tuko kwenye nyuzi 20 na kitu. Kwa hiyo usikubali kufarijiwa na maneno ya vitabu. Gia ya pili ikigoma asubuhi hapa Unguja au Pemba, ama oili si yake, ama sinkronaiza imeanza kuchoka.

Na jambo la kuzaliwa nalo lisiitwe ugonjwa. MGB za mwanzo, mpaka 1967, hazina sinkronaiza kwenye gia ya kwanza. Ukiitia gari likitembea itakwaruza, ndivyo ilivyoundwa. Rivasi ya magari mengi ya zamani ni hivyo hivyo.

Kipimo cha injini iliyozimwa

Egesha pahala palipo sawa, vuta handibreki, zima injini. Bila kukanyaga klachi, pitisha gia zote kwa mkono mwepesi, ya kwanza mpaka rivasi. Kisha rudia ukiwa umekanyaga klachi. Gia ikigoma mara moja usiihukumu, kwa sababu meno yanaweza kuwa yamekutana uso kwa uso. Rudisha nyutro, achia handibreki, sukuma gari hatua moja, jaribu tena.

Sasa washa injini, iache ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, jaribu tena gia zote.

Hiki ndicho kipimo kinachogawa njia mbili, na ukikikosea utapotea siku nzima. Gia zikiwa laini injini imezimwa, halafu ngumu injini ikiwaka, klachi haikati: ukikanyaga, injini bado inaizungusha giaboksi, na gia haiwezi kuingia kwenye kitu kinachozunguka. Giaboksi hapo haina kosa. Zikiwa ngumu vile vile iwe injini imezimwa au inawaka, iache klachi, nenda kwenye fimbo, nyaya na oili.

Klachi haikati: anza na zulia

Sisi watu wa mazulia. Gari limekuja na zulia lake, mwenyewe ameweka la mpira juu yake, na juu ya la mpira kuna kile kijizulia cha manyoya kilichonunuliwa kwa kupendezesha. Pedali ya klachi inataka kufika chini kabisa. Sentimita mbili za zulia zinatosha kuizuia isikate. Toa yote, sukuma pedali kwa mkono mpaka igote kwenye chuma, kisha rudia kipimo cha injini. Ni kipimo cha dakika mbili, na kuna gari zilizopona hapo.

Isipopona, fanya haya ukiwa umekaa kwenye kiti. Injini inawaka, kanyaga klachi, hesabu polepole mpaka tano, tia rivasi. Ikikwaruza mara tu baada ya kukanyaga lakini baada ya kusubiri ikaingia kimya, hiyo ni kawaida, shafti ilikuwa bado haijasimama. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haikati kweli.

Kisha pampu pedali mara tatu za haraka na utie gia mara ya mwisho ikiwa chini. Ikiingia laini baada ya kupampu, kuna upepo kwenye mfumo au mpira wa ndani umechoka. Kipimo cha tatu: tia gia ya kwanza, klachi iwe chini, mguu wa kulia kwenye breki, subiri kama dakika moja. Gari likianza kutaka kuondoka taratibu ilhali mguu wako haujasogea, mafuta yanavuja kwa ndani kwenye masta ya juu, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedali. Hayaonekani popote, yanarudi tu kwenye kikopo chake. Mbele ya gari pasiwe na mtu wala ukuta unaoupenda.

Kutazama masta ya juu na ya chini

Magari haya mengi yanasukuma klachi kwa mafuta ya breki. Masta ya juu imekaa nyuma ya injini upande wa dereva, ya chini imefungwa ubavuni mwa giaboksi, pale sehemu pana inapokutana na injini. Fungua kikopo. Mafuta yakiwa mazuri ni ya rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Yakiwa meusi kama kahawa ya mnadani, ule weusi ni unga wa mpira. Vimpira vya ndani vinaliwa.

Ingiza mkono juu ya pedali ya klachi, ndani ya gari, papase pale chuma cha kusukumia kinapoingia kwenye ukuta. Pakiwa na majimaji, masta ya juu imekwisha. Halafu nenda chini. Kwenye masta ya chini kuna kofia ya mpira. Ivute nyuma kidogo kwa bisibisi ya bapa. Matone yakitoka, umepata ulichokitafuta. Kwenye Roadster masta ya chini ni mgonjwa anayejulikana dunia nzima, na hewa yetu haimsaidii: mafuta ya breki yanavuta unyevu, unyevu unatia kutu silinda, kutu inakwaruza kimpira.

Kabla hujaenda chini, neno kuhusu jeki. Gari hizi ziko chini, jeki ya kawaida haiingii, basi watu hupandisha kwanza gurudumu moja juu ya ubao. Hilo sawa. Lisilo sawa ni kuegesha kwenye mchanga na kutia jeki moja kwa moja, au kulisimamisha gari juu ya matofali. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Tafuta sakafu ngumu. Kama huna, weka kipande kipana cha mbao chini ya jeki na chini ya kila stendi, ziba magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe, na litikise gari kwa nguvu kabla ya kulala chini yake.

Ukiwa chini, mwambie mtu akanyage klachi huku unatazama chuma cha masta ya chini kinachosukuma uma wa klachi. Kipime kwa rula. Kwa gari ndogo za namna hii kinatakiwa kisogee zaidi ya sentimita moja. Hesabu kamili iko kwenye kitabu cha gari. Kikisogea kidogo, tatizo ni la mafuta: upepo, masta, au mpaipu wa mpira uliozeeka unaovimba kila pedali ikikanyagwa. Ushike mpaipu huo kwa vidole wakati mwenzio anakanyaga, utausikia ukijaa. Kikisogea vizuri na klachi bado haikati, tatizo liko ndani na utasubiri mpaka sehemu ya mwisho.

Masta ya chini ikifa, badili na ya juu hapo hapo. Ukiweka mpya chini, ile kongwe ya juu inaanza kusukuma kwa nguvu ambayo haijaizoea, na baada ya wiki chache nayo inaanza kuvuja. Mafuta ni DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa iliyofungwa, si ile iliyokaa wazi kwenye rafu tangu masika yaliyopita. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo, iache. Na asikushawishi mtu kutia oili ya injini au ya hidroliki "kwa muda tu": vimpira vyote vitavimba na utanunua mfumo mzima. Yakimwagikia rangi ya gari, mwaga maji mengi mara moja, yanababua.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga unachomekwa kwenye nipeli, kile kiskrubu cha kutolea upepo kwenye masta ya chini, ncha ya pili inazama ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Aliye chini ndiye mwenye amri.

"Kanyaga."

"Nimeshika, ami."

Nipeli inafunguliwa, mafuta yanashuka, kwanza meusi, kisha na mapovu kama soda, pedali inazama yenyewe chini ya mguu.

"Usinyanyue! Nafunga kwanza… haya, nyanyua."

Kijana akinyanyua mguu kabla ya nipeli kufungwa, upepo wote uliotoka unarudi ndani, na hapo ndipo utasikia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Jaza kikopo kila baada ya mizunguko minne au mitano, kisikauke. Mnaendelea mpaka mafuta yatoke meupe bila povu hata moja.

Gari lililokaa muda mrefu

Hili nalitenga kwa sababu kwetu ni la kila siku. Mwenye gari yuko Maskati au Dubai, gari limefunikwa turubali chini ya mwembe, masika mawili yamepita juu yake. Siku ya kuwashwa, injini inawaka vizuri lakini gia haiingii hata moja. Mara nyingi sahani ya klachi imeshikana kwa kutu na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Injini ikiwa imezimwa gia zinaingia laini, na chuma cha masta ya chini kinasogea kama inavyotakiwa. Hiyo ndiyo dalili yake.

Ipashe injini moto kwanza. Zima, tafuta uwanja mtupu kabisa, tia gia ya pili, kanyaga klachi mpaka chini, piga stata. Gari litaondoka huku limetiwa gia. Klachi ikiwa bado chini, kanyaga na kuachia mafuta kwa mshtuko mfupi mfupi mpaka sahani iachie. Utasikia imeachia, gari linakuwa jepesi ghafla. Wengine hufanya hivi barabarani. Usifanye. Likigoma baada ya majaribio machache acha, usije ukavunja chemchemi za sahani. Itabidi ishushwe ikasafishwe.

Fimbo ya gia na siri ya Roadster

Tuseme kipimo cha kwanza kilikwambia gia ni ngumu hata injini ikiwa imezimwa. Karibu upande wa pili, ambao mimi naupenda zaidi kwa sababu kazi yake ni safi na matokeo unayasikia mkononi siku hiyo hiyo.

Kwenye magari mengi ya spoti ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, fimbo inasimama moja kwa moja juu ya giaboksi. Kwenye Roadster, mzizi wa fimbo umekaa ndani ya kijisanduku chake chenye oili yake peke yake, mbali na oili ya giaboksi. Ukibadilisha oili ya giaboksi mara kumi, kijisanduku hiki hakipati hata tone. Kikikauka, gia zinakuwa nzito na zenye kukwama kwama, na hakuna anayekitazama kwa sababu hakionekani. Juu yake kuna mipira miwili, ya juu na ya chini, na kwa joto letu inapasuka. Ikipasuka, mchanga wa Paje unaingia kwa juu na joto la giaboksi linapanda mpaka miguuni mwako.

Weka gia nyutro. Fungua kirungu cha fimbo kwa kukizungusha, toa konsoli ya katikati, inua ngozi. Zungusha kitambaa kisafi pembeni ya tundu kabla ya kufungua boliti, maana boliti ikiangukia ndani hutolala. Toa mpira wa juu, kisha bamba linaloshika fimbo, kisha vuta fimbo juu moja kwa moja. Itatoka na mpira wa chini. Angalia shimoni. Mara nyingi utakuta uji mweusi kidogo chini, au hakuna kitu kabisa. Unyonye kwa bomba la sindano, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Sasa itazame fimbo yenyewe. Kwenye ncha kuna kikombe cha plastiki ngumu. Kikiwa kimepasuka au kinacheza, badili. Bei yake ni ndogo na kinabadilisha gari zima. Mpira wa chini ukiwa na ufa hata mmoja, badili. Tia oili ya giaboksi, kiasi cha mililita 80 mpaka 95, rudisha fimbo, paka grisi kidogo kwenye tufe lake, funga. Kabla ya kurudisha konsoli tia gia zote injini ikiwa imezimwa. Kama kijisanduku ndicho kilichokuwa mgonjwa, huhitaji kuambiwa.

Ikiwa fimbo inagusa ukingo wa tundu kwenye gia fulani, tatizo si fimbo, giaboksi imekaa upande. Roadster ina fremu ndefu ya alumini inayounganisha giaboksi na difu, kile kisanduku cha meno kati ya magurudumu ya nyuma. Aliyeishusha siku za nyuma akiirudisha bila kuipima, giaboksi inainama. Kwa magari mengine tazama maunti: mtu akanyage na kuachia mafuta gari likiwa nyutro, ukiona injini inaruka na fimbo inacheza nayo, mpira wa maunti umekatika.

Kwa MR2 na ndugu zake wa nyaya, chomoa nyaya pale zinapoingia kwenye giaboksi. Sogeza fimbo ndani ya gari: ikiwa bado ngumu, nyaya zimeota kutu ndani ya ala zake, na kwa gari lililoishi karibu na bahari hilo halishangazi. Usipoteze muda kuzipaka mafuta, badili. Fimbo ikiwa laini, sogeza mkono wa giaboksi kwa vidole. Ukiwa mgumu, ugonjwa uko ndani au kwenye kiungo hicho cha nje.

Oili: usiulize bei, uliza namba

Ukienda dukani ukaomba oili ya giaboksi bila kusema namba, utapewa ile nzito ya 140 ya difu, au 90 yoyote iliyopo. Kwa lori sawa. Roadster inataka 75W-90 ya GL-4, lita 2. Oili ya 85W-140 peke yake inatosha kuzifanya gia zote kuwa nzito, na hapa ndipo gari nyingi "zinapougua" baada ya sevisi.

Hiyo GL si pambo. Oili ya GL-5 imewekwa dawa nyingi zaidi za kuzuia meno ya chuma yasilane chini ya mzigo mkubwa, na difu inazihitaji. Sinkronaiza za shaba za giaboksi ya zamani haziitaki hali hiyo: zinafanya kazi kwa msuguano, na oili inayoteleza mno inazifanya zishindwe kushika, mbali na kwamba baadhi ya dawa hizo za salfa huila shaba. Kwa hiyo GL-5 kwenye difu, GL-4 kwenye giaboksi, usizibadilishe. Na usidhani kila gari ni hivyo: giaboksi ya MGB inatumia oili ya injini, 20W-50. Aliyeitia ya giaboksi kwa nia njema ndiye aliyezifanya gia kuwa ngumu.

Badilisha oili gari likiwa limetoka kutembea. Legeza plagi ya kujazia kwanza, ya ubavuni, kabla ya kugusa ya chini. Ukimwaga oili yote halafu ukakuta plagi ya kujazia imeshikana kwa kutu, gari halitoki hapo mpaka uipate. Mwagia kwenye beseni jeupe, uweze kusoma. Oili iliyokuwa kahawia na wazi ni oili iliyochoka tu. Ikiwa imepauka kama maziwa, maji yameingia. Ulipita kwenye dimbwi la masika maji yakafika juu ya giaboksi, yakaingia kwa kitundu chake cha kupumulia au kwa ule mpira uliopasuka wa fimbo. Hapo jaza, tembea kidogo, mwaga tena, jaza nyingine. Unga mwembamba wa dhahabu unaong'aa ni shaba ya sinkronaiza. Kidogo si ajabu kwa gari la miaka thelathini, lakini beseni zima likimetameta ujue safari imekaribia. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno, na hapo acha kuendesha.

Jaza mpaka oili ianze kutoka kwenye tundu la ubavuni gari likiwa limekaa sawa, si limeinuliwa mbele.

Gia moja tu

Gia ya pili ndiyo huwa ya kwanza kuchoka, kwa kuwa watu huishukia kwa kasi. Ipime kwa klachi mbili: ukitoka ya tatu, kanyaga klachi, weka nyutro, achia klachi, puliza mafuta kidogo, kanyaga tena, tia ya pili. Ikiingia kama siagi kwa njia hii na kugoma kwa njia ya kawaida, sinkronaiza yake imekwisha, na klachi yako ni nzima. Unaweza kuishi nayo miaka ukiendesha hivyo. Kisiwa chetu hakina milima ya kukulazimisha ushuke gia kila dakika. Kati ya Mjini na Nungwi unayoyapunguzia mwendo ni matuta tu. Ikigoma hata kwa klachi mbili, au ikiruka yenyewe kurudi nyutro, uma umepinda au meno yameliwa.

Ikibidi ishushwe

Umefika hapa kwa sababu mbili tu: chuma cha masta ya chini kinasogea vizuri na klachi haikati, au gia moja imekufa ndani. Katika ile ya kwanza, utakachokuta ni rilizi beringi, ile inayosukumwa na uma kuiachisha klachi, iliyokwama, uma wa klachi uliokauka kwenye egemeo lake, sahani isiyoteleza kwenye meno ya shafti kwa kutu, au beringi ndogo iliyoko kwenye kitako cha shafti ya injini. Hiyo ndogo inasahauliwa sana. Ikishikana, inaizungusha shafti ya giaboksi hata klachi ikiwa imekata kabisa.

Kwa kuwa gharama kubwa ni kushusha, badili vyote vinavyofikika: sahani, presha pleti (bamba linaloibana sahani), beringi zote mbili na sili ya nyuma ya injini. Meno ya shafti yasafishwe kwa brashi ya waya na kupakwa grisi nyembamba sana. Ikizidi itarukia sahani na klachi itaanza kuteleza. Klachi ya Roadster ya 1.6 ina kipenyo cha milimita 200, ya 1.8 iliyotoka 1993 ni 215. Pima yako kwa rula kabla ya kuagiza, usiamini kilichoandikwa kwenye kadi ya gari, maana injini nyingi zimeshabadilishwa.

Na ukilazimika kununua giaboksi ya mtumba, usiinunue ikiwa imefungwa kwenye mfuko. Iweke mezani, tia fimbo, zungusha shafti ya mbele kwa mkono katika kila gia na usikilize. Shafti isicheze juu na chini. Fungua plagi ya chini utoe oili kidogo kwenye kiganja, uisogeze juani. Muuzaji akikataa ufungue plagi, mshukuru na uondoke.